Mashine ikikuandikia, isome kabla ya kulala

Mama mzazi akikupigia simu saa mbili asubuhi siku ya kazi, moyo hukuruka. Wangu uliruka Alhamisi moja nikiwa ndani ya matatu, nikielekea kazini mjini Nairobi.

"Mwambie huyo ndugu yako," Mama alianza bila hata kunijulia hali, "mashine yake imekunywa nusu kilo ya maziwa yangu."

Nilicheka mpaka abiria wa kando akanigeukia. Mama hakucheka. Alikuwa amepeleka kilo saba na nusu kituoni, mizani ameiona kwa macho yake mwenyewe, lakini ujumbe uliomfikia kwenye simu ulisema kilo 7. Alipomuuliza karani, karani alimjibu kwamba mashine ndiyo iliyosema. Alikuwa amejaribu kumpigia ndugu yangu mara tatu, hakushika.

Kufikia jioni sikuwa na la kuchekea. Ndugu yangu alikuwa ameketi sebuleni kwangu, barua ya onyo kutoka kwa mkubwa wake imekunjwa mfukoni, chai imempoa mbele yake. Kisa chote kilitokana na faili moja ya kompyuta, mistari isiyofika sitini. Na faili hiyo hakuiandika yeye. Iliandikwa na mashine.

Nakusimulia kisa hiki kwa sababu pengine una mtoto au jirani anayesomea kompyuta, au wewe mwenyewe uko chuoni. Na hata kama humo, siku hizi wengi wetu tunaiomba mashine ituandikie barua za kazi, ratiba na hata mikataba. Yaliyompata ndugu yangu yanaweza kukupata.

KAZI YA MTOTO WA MAMA

Ndugu yangu ni kitinda mimba wetu. Ameajiriwa na kampuni ndogo inayounda programu za kompyuta, na moja ya programu hizo inatumiwa na chama cha ushirika cha wakulima wa maziwa kule kwetu mashambani.

Mkulima akifika kituoni alfajiri, karani humpimia maziwa na kuingiza kilo kwenye simu. Kabla mkulima hajaokota mtungi wake, ujumbe huwa umemfikia. Mwisho wa mwezi, malipo hufuata hesabu hiyo.

Mama aliona fahari kubwa. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba ile ni kazi ya mwanawe. Hata hivyo hakuacha daftari lake la kurasa thelathini na mbili, ambalo huning'inia kwa kamba kando ya mlango wa jikoni. Kila asubuhi akitoka kituoni huandika tarehe na kilo. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Tulisahau kwamba wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

BAWABU WA USIKU

Sasa hebu nikueleze faili yenyewe ni kitu gani, kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa.

Zamani, fundi akitaka kubadilisha programu inayotumika, alifanya kila hatua kwa mkono. Aliunganisha sehemu zake, akaifanyia majaribio, kisha akainakili kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayowahudumia watu. Hatua zilikuwa nyingi, na ukisahau moja umeharibu.

Siku hizi hatua hizo hufanywa na mtambo. Mafundi huita mfululizo huo paiplaini, kwa sababu kazi huingia upande mmoja na kutokea wa pili kama maji ya bomba. Iko mitambo mingi ya aina hiyo: Jenkins, GitLab, GitHub Actions na mingineyo. Mtambo wenyewe haujui cha kufanya mpaka uandikiwe faili ya maagizo, na mingi husoma faili zilizoandikwa kwa mtindo uitwao YAML, ambao ulianza mwaka 2001.

Ichukulie faili hiyo kama karatasi unayomwachia bawabu wa usiku. "Ikifika saa fulani, fungua lango. Kagua gari. Likiwa salama, liingize. Likiwa na kasoro, lizuie uniamshe." Bawabu huyu hasinzii wala haendi likizo. Ila ana ila moja: hufanya yale yaliyoandikwa, wala si yale uliyokuwa nayo moyoni.

Kuiandika karatasi hiyo ni kazi ya kuudhi. Katika YAML, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari zina maana. Ukiongeza moja pasipostahili, faili nzima yaweza kukataliwa. Tena fundi haiandiki kila siku, kwa hiyo kila akirudi huwa amesahau. Si ajabu basi kwamba vijana wengi sasa huielezea mashine ya akili bandia wanachotaka, nayo huwatolea faili nzima kwa nukta chache.

Ndivyo alivyofanya ndugu yangu. Aliiambia kwa Kiingereza: niandikie faili ya kuunda programu hii, kuifanyia majaribio, kisha kuipeleka kwenye seva kila usiku saa nane, wakati wakulima wamelala.

Faili ikaja, safi, imepangika. Mtambo ukaikubali mara moja.

USIKU WA KISA

Jumatano usiku alitega kengele ya simu saa tisa. Mpango wake ulikuwa mzuri: programu mpya iingie saa nane, yeye aamke saa tisa aijaribu, na makarani waanze kazi saa kumi na moja na nusu kila kitu kikiwa tayari.

Aliamka kweli. Aliingiza kilo nne na nusu za majaribio, na jibu likatoka nne na nusu. Akamshukuru Mungu, akazima simu ili alale kwa utulivu.

Asichokijua ni kwamba alikuwa akiijaribu programu ya zamani. Mpya ilikuwa haijaingia bado. Iliingia saa kumi na moja alfajiri, yeye akikoroma, huku wakulima wa kwanza wakifunga mitungi yao kwenye baiskeli.

Programu hiyo mpya ilikuwa na kasoro: ilikata kila kilichozidi kilo kamili. Saba na nusu ikawa saba. Kumi na mbili nukta tisa ikawa kumi na mbili. Kabla ya mtu kugundua, wakulima 41 walikuwa wamepimiwa.

Na aliyegundua si mkaguzi wala mhandisi. Ni Mama, kwa sababu ya daftari.

"SAA NANE YA NANI?"

Jioni ile nilimwambia ndugu yangu aifungue faili hiyo tuisome pamoja. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa akamtafute daktari sokoni.

"Dada, hii si makala ya gazeti."

"Najua," nikamjibu. "Lakini mimi hulipwa kwa kuandika, na hakuna neno langu linalochapishwa kabla ya mtu wa pili kulisoma. Nani aliisoma hii yako?"

Akanyamaza.

Tukakubaliana hivi: kwa kila mstari, anieleze kwa Kiswahili unafanya nini. Usipoelezeka, tunautia alama.

Mstari wa saa uliandikwa hivi: 0 2 * * *. Akanieleza kwamba sufuri ni dakika, mbili ni saa, na nyota tatu zina maana ya kila tarehe, kila mwezi, na kila siku ya juma. Saa mbili kwa hesabu ya Kizungu ni saa nane usiku kwetu.

Mimi, kwa ujinga wangu wa kompyuta, nikauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angeuliza: "Saa nane ya nani?"

Ndugu yangu aliweka kikombe chini polepole. Mitambo mingi ya aina hii, usipoiambia vinginevyo, huhesabu saa kwa kipimo kiitwacho UTC. Nairobi iko mbele ya kipimo hicho kwa saa tatu. Kwa hiyo saa nane usiku ya mtambo ni saa kumi na moja alfajiri ya Mama. Ili programu iingie saa nane yetu, faili ilipaswa kuandika 23, yaani saa tano ya usiku uliotangulia.

Mashine haikumuuliza yuko nchi gani. Naye hakuiambia. Sisi ambao saa yetu ya Kiswahili hutofautiana na ya Kizungu kwa saa sita, tuliokosa mabasi na miadi kwa sababu hiyo, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

WAYA WA KENGELE

Tuliendelea. Mistari michache chini yake tulikuta maneno haya: continue-on-error: true. Nikamwuliza maana yake.

"Ina maana kwamba hatua hii ikishindwa, endelea tu."

"Ni hatua gani hiyo?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ya majaribio."

Msomaji, lilikuwapo jaribio lililoandikwa mahsusi kuhakikisha kwamba saba na nusu inabaki saba na nusu. Usiku ule jaribio hilo lilifeli, na kufeli kwake kukaandikwa wazi katika kumbukumbu za mtambo. Lakini maadamu faili ilisema endelea, mtambo uliendelea, na mwisho wa kazi ukaweka alama ya kijani kibichi ya kusema mambo yote ni shwari.

Mstari huo ulifikaje pale? Hapa ndipo ndugu yangu alipoinamisha kichwa. Juma lililotangulia, faili ilipokuwa ikitengenezwa, paiplaini ilikuwa ikikwama mara kwa mara kwenye majaribio kwa sababu nyingine. Alikuwa amechoka, naye akaiambia mashine: rekebisha ili isikwame tena.

Mashine ikatii. Kengele ilikuwa ikilia kwa sababu kuna moshi, mwenye nyumba akalalamika kelele, fundi akakata waya wa kengele. Nyumba ikatulia. Moto haukuzimwa.

Mstari wa tatu alioshindwa kunieleza ulikuwa ukiipa paiplaini ruhusa ya kubadilisha kila kitu katika hazina ya kampuni, hali kazi yake haikuhitaji zaidi ya kusoma. Huo haukuwa umeleta madhara. Tuliufuta kabla haujaleta.

KURUDI MKONONI?

Siku iliyofuata mkubwa wake, kwa hasira, alisema mitambo yote izimwe na kazi irudi mkononi. Ndugu yangu, pamoja na hofu ya kufutwa, alijasiri kupinga. Alisimulia yaliyoipata kampuni ya Knight Capital ya Marekani, ambayo ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta.

Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikuwa ikiweka programu mpya kwenye seva zake 8. Fundi aliinakili kwenye 7, akaacha moja. Tarehe 1 Agosti soko la hisa la New York lilipofunguliwa, seva ile iliyoachwa ikaamsha sehemu ya programu ya zamani iliyokuwa imekaa miaka bila kutumika, ikaanza kutuma maagizo ya hisa bila kikomo. Kwa muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilijipatia hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata ikamezwa katika muungano na kampuni nyingine.

Hiyo ilikuwa kazi ya mkono. Paiplaini iliyoandikwa vyema haisahau seva ya nane.

Lakini lipo jambo jingine katika kisa hicho. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, katika uamuzi wake wa mwaka 2013, ilisema kwamba hapakuwa na fundi wa pili aliyekagua kazi ile, wala kampuni haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo. Kwa hiyo iwe ni mkono au ni mashine, pengo ni lile lile. Hakuna aliyesoma mara ya pili.

Mkubwa wake alifikiri, akaiacha mitambo. Barua ya onyo hakuirudisha.

SARUFI SAWA, MAANA POTOFU

Kama wewe ni mwanafunzi wa kompyuta, shika hili. Faili mbovu si adui mkubwa, kwa sababu mtambo huikataa papo hapo nawe ukajua. Adui ni faili nzuri isiyosema ulichotaka. Ziko programu za kukagua sarufi ya faili hizi, nazo ni msaada mkubwa. Lakini sarufi si maana. "Njoo saa nane" ni sentensi isiyo na kosa hata moja, na bado mgeni anaweza kufika chakula kimepoa.

YAML ina mitego ya namna hiyo. Andika toleo la lugha ya Python kuwa 3.10 bila alama za kunukuu, nayo faili itasomwa kama nambari ya kawaida, yaani 3.1, ambalo ni toleo jingine kabisa. Katika toleo la zamani la YAML, ambalo programu nyingi bado hulifuata, neno no lisilo na alama za kunukuu husomwa kuwa "si kweli". Nayo NO ndiyo herufi mbili zinazosimamia nchi ya Norway, kama KE inavyosimamia Kenya. Kuna mafundi walioorodhesha nchi za dunia wakakuta Norway imegeuka kuwa uongo!

Mashine ya akili bandia huijua mitego hii pengine kuliko wewe. Ila haikijui kituo cha maziwa. Haijui kwamba mama yako huondoka nyumbani kabla ya jua. Hayo usipoyaandika katika ombi lako, yenyewe itajaza pengo kwa kubahatisha, na itabahatisha kwa lugha ya kujiamini.

Basi ukiomba faili, taja saa na nchi. Sema wazi kwamba majaribio yakishindwa kazi isimame. Maneno ya siri usiyaandike ndani ya faili kamwe. Mitambo hii ina mahali maalumu pa kuyahifadhi. Kisha usome mstari kwa mstari, umsomee na mwenzako. Usipoweza kuueleza mstari kwa lugha uliyonyonya, hujauelewa, na mstari usioueleza usiupeleke popote. Kuuliza si ujinga.

KITUONI ALFAJIRI

Jumamosi tulikwenda nyumbani pamoja. Kulikuwa na baridi, na ukungu umelala juu ya majani chai. Ndugu yangu alisimama kando ya mizani mbele ya wakulima, kofia mkononi, akawaeleza kosa lake bila kulificha nyuma ya maneno ya kompyuta. Sikusikia akisema "mfumo ulikuwa na hitilafu". Alisema: "Niliandikiwa karatasi, sikuisoma."

Waliokuwa na daftari walilipwa walichokiandika. Wasiokuwa nalo waliongezewa kilo nzima kila mmoja, kampuni ikagharamia. Wengi waliridhika, wengine wakatania. Kwa mtu wa mjini nusu kilo ya maziwa ni chai ya siku moja. Kwa mkulima mwenye ng'ombe mmoja, nusu kilo kila siku kwa mwezi mzima ni dawa ya kupe, au ni sare ya shule.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Kijana, na kama mama yako hangekuwa na daftari?"

Ndugu yangu hakuwa na jibu. Mimi pia sina. Pengine kasoro ile ingeendelea kukata nusu hapa na robo pale hadi mwisho wa mwezi, na kila mkulima angedhani ni ng'ombe wake aliyepunguza.

Faili hiyo imeandikwa upya. Iliandikwa tena kwa msaada wa mashine, usishangae, kwa kuwa chombo hakikuwa na hatia. Safari hii watu wawili waliisoma kabla ya kutumika. Kazi ikiisha, paiplaini humtumia ndugu yangu ujumbe wenye saa ya Nairobi na nambari ya toleo lililoingia, ili asiijaribu tena ya zamani akidhani ni mpya. Na mstari wa kwanza kabisa, ule ambao mtambo huuruka kwa sababu umeandikiwa binadamu, umeandikwa kwa Kiswahili: "Saa zote humu ni za UTC. Ukitaka za Nairobi, ongeza tatu."

Mama aliposomewa mstari huo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingia jikoni, akalivuta daftari lake kwenye kamba, akaandika kilo za siku hiyo.